Kidole cha ami: miaka miwili ya kumtafuta mwanamitindo asiyeandikwa jina

Ami alifariki London Februari 2021, wakati Uingereza ikiruhusu watu 30 tu mazikoni. Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, alifuatilia maziko kwenye simu akiwa Tanga, mtandao ukikatika na kurudi. Baada ya arobaini mke wa ami, ambaye ukoo mzima tunamwita Anti, alinipigia akaniambia niende nikachukue sanduku. "Ni vitu vyake vya kazi ile," alisema.

"Kazi ile" ndilo jina lililotumika nyumbani miaka yote. Tulijua kwamba ami alikwenda Uingereza mwaka 1968 kusomea uhasibu, kwamba aliifanya kazi ya uhasibu mpaka akastaafu, na kwamba katikati hapo palikuwa na miaka kadhaa alipokuwa akivaa nguo za makampuni na kupigwa picha za matangazo na magazeti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona picha yenyewe ikiwa imechapishwa. Babu hakutaka izungumzwe. Na ni vizuri kukumbuka miaka yenyewe: mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita Dar es Salaam. Kijana wa Tanga aliyelipwa London kwa kuvaa bugaluu na shati lenye kola kama masikio ya tembo hakuwa habari ya kupeleka barazani kwa wazee.

Naamini ukoo wetu si wa peke yake. Wapo akina baba, wajomba na ami waliofanya kazi hiyo ughaibuni, wengine wameshatangulia, wengine wanazeeka, na sura zao zimelala kwenye karatasi za zamani bila jina. Mimi nilitumia miaka miwili na zaidi ya pauni 600, na theluthi mbili ya fedha hiyo ilipotea bure. Kosa moja kati ya niliyofanya lilimliza baba yangu, nalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Sanduku lilikuwa la ngozi ya bandia, kitasa kimoja kimevunjika. Ndani mlikuwa na dayari sita za mfukoni, za 1971 hadi 1976, jozi ya viatu vyeusi vilivyofungwa kwenye gazeti, tai mbili, soksi ambazo hazijavaliwa, kadi za kazi kama ishirini, na karatasi tatu za picha ndogondogo, zile ambazo mpigapicha alizichapa moja kwa moja kutoka kwenye filamu: picha 36 kwenye karatasi moja, kila picha ukubwa wa stempu. Viatu na tai vilinishangaza mpaka Anti aliponieleza. Mwanamitindo wa kiume wa wakati ule alitembea na mkoba wake. Studio ilileta nguo inayotangazwa. Viatu, mkanda, soksi, tai na kitana vilikuwa juu yake mwenyewe. Kwenye soli za vile viatu bado palikuwa na gundi ya utepe. Walibandika utepe chini ili soli isichubuke, maana kiatu chenye soli iliyochakaa kinaonekana kwenye picha mtu anapokunja mguu.

Kadi ya kazi ni kikaratasi kigumu ambacho wakala alikisambaza kwa wateja. Mbele ni uso wa ami, afro imechongwa duara, macho yanakutazama moja kwa moja. Nyuma ni picha nne na vipimo: urefu futi 6 na inchi 1, kifua 38, kiuno 30, kola 15, mguu wa ndani 33, kiatu namba 9. Jina lililoandikwa halikuwa lake. Wakala alimpa jina fupi la Kizungu ambalo wateja wangeweza kulitamka kwenye simu. Ukianza kumtafuta mtu wako, swali la kwanza kumuuliza mjane, mtoto au rafiki ni hilo: alifanya kazi kwa jina gani? Mimi sikuuliza. Nilihangaika miezi miwili nikiandika jina lake halisi kwenye kila mahali pa kutafutia, huku kadi iko mkononi mwangu.

Kadi haikuwa na tarehe, lakini namba ya simu ya wakala ilianza na 01. Hiyo ndiyo ilikuwa namba ya London mpaka Mei 1990, ilipogawanywa kuwa 071 na 081. Na kabla ya mabadiliko yaliyoanza mwaka 1966, namba za London ziliandikwa kwa herufi tatu za mwanzo kisha tarakimu nne. Kikaratasi chochote cha London kisicho na tarehe, anza na namba ya simu. Inakupa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Kosa langu kubwa la fedha lilitokana na mapenzi. Nilimpenda ami, kwa hiyo niliamini kwamba lazima alikuwa mkubwa. Nikamtafuta kwenye majalada. Nilinunua matoleo kumi na moja ya GQ, gazeti la mitindo ya wanaume la Marekani, ya miaka ya 1970 kwenye mnada wa mtandaoni, mengine pauni 12, mengine 25, na gharama ya kuyasafirisha juu yake. Pauni 210 zikaondoka hivyo, kisha nikaanza kusoma historia ambayo ningeisoma kwanza. Gazeti lile lilitokana na Apparel Arts, chapisho la mwaka 1931 lililokusudiwa wafanyabiashara wa nguo, na likapata jina la Gentlemen's Quarterly mwaka 1957. Mwanamume mweusi wa kwanza kuwa kwenye jalada lake alikuwa Urs Althaus, Mswisi, mwaka 1977. Mmarekani Mweusi wa kwanza, Renauld White, alitokea Novemba 1979. Toleo la Uingereza lenyewe lilianza 1988. Dayari ya mwisho ya ami ni ya 1976. Jalada lile lilikuwa limefungwa kwa mtu wa rangi yake muda wote alipokuwa kazini, na mimi nilikuwa naligonga miaka 45 baadaye kwa pesa zangu.

Nilipomweleza Anti, hakucheka wala hakushangaa. Alisema, "Hakuwahi kutafuta majalada. Alitafuta kodi ya nyumba." Kisha akanieleza jinsi kazi ilivyopangika, na ninayaandika hapa kwa sababu yanabadilisha mahali pa kutafuta. Kurasa za mitindo za gazeti, zile nzuri ambazo mpigapicha anajulikana kwa jina, zililipa kidogo mno. Mtu alizifanya ili apate picha za kuweka kwenye albamu yake ya kazi. Tangazo la kampuni lililipa vizuri, ila lilikuja mara chache. Chakula cha kila siku kilikuwa katalogi za kuagizia nguo kwa posta, vile vitabu vinene ambavyo familia za Uingereza zilichagulia nguo na kulipa kidogo kidogo kila wiki. Siku moja ya katalogi ilikuwa nguo ishirini, thelathini: vaa, simama, geuka, vua. Na wanaume walilipwa chini ya wanawake. Hii ni moja ya kazi chache duniani ambazo mambo yako hivyo, na imebaki hivyo.

Basi nikageukia katalogi, nikaangukia kosa la pili, la tarehe.

Dayari zake ni za maneno machache. Saa, mtaa, kifupi cha mteja, alichotakiwa kuja nacho. "9.30, viatu vya kahawia." Januari 1974 zipo siku nne ambazo ameandika tu kwamba hakuna taa, kazi imefutwa. Hiyo ndiyo miezi ambayo serikali, kwa mgogoro wa wachimba makaa, ilizibana biashara nyingi zitumie umeme siku tatu kwa wiki, kuanzia 1 Januari mpaka 7 Machi. Niliposoma "makoti, Julai 1973" nikatafuta magazeti na katalogi za Julai 1973. Hamna kitu. Nikatafuta za Agosti, hamna. Ilinichukua muda kuelewa jambo ambalo kila mtu wa kazi ile analijua: nguo hupigwa picha miezi kadhaa kabla ya msimu wake. Makoti hupigwa picha wakati wa jua kali, na kaptura hupigwa wakati wa baridi. Anti anakumbuka ami akirudi nyumbani Februari, midomo imekauka, baada ya kushinda ufukweni Brighton kwa shati la mikono mifupi akiambiwa afumbue macho kama mtu aliye likizo. Kwa katalogi, ongeza miezi sita juu ya tarehe ya dayari. Kwa gazeti la kila mwezi, ongeza mitatu au minne. Nilipoanza kuhesabu hivyo, nilimpata kwenye katalogi mbili ndani ya wiki moja, sentimita nane za urefu, katikati ya wanaume wengine watano wenye suruali za kitambaa cha krimplini. Nilifurahi. Lakini sura ilikuwa ndogo na karatasi imefifia, na nilitaka kitu cha kumpelekea baba.

Hapo ndipo nikafanya lile kosa la tatu.

Kwenye mnada wa mtandaoni lilitokea tangazo la mashati, ukurasa mzima wa rangi, limekatwa kutoka kwenye gazeti la kati ya 1972 na 1975. Mwanamume mweusi, mrefu, afro ya duara, amesimama ameegemea gari, kichwa kimeinama kidogo upande kama ami alivyokuwa akiinamisha anapokusikiliza. Moyo uliniruka. Nililipa pauni 45 bila kuuliza swali. Lilipofika nilipiga picha papo hapo nikamtumia baba, nikamwandikia: tumempata.

Baba alilia. Mama aliniambia baadaye kwamba alikaa na simu ile mkononi tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kesho yake alikwenda mjini kuichapisha, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya babu, baada ya nusu karne ya kutozungumza. Wazee wenzake walikuja kuiona.

Wiki tatu baadaye nilimwonyesha Anti. Alivaa miwani, akautazama ukurasa kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mkono wake wa kushoto uko wapi?"

Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya boneti ya gari. Vidole vitano, vyote vizima.

Babu alifanya kazi kiwandani kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza. Ami akiwa na miaka tisa alisogea karibu na korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ikabaki humo. Nimekiona kidole kile tangu utotoni kila alipokuja likizo. Alitutekenya nacho. Na siku ile, kwa hamu yangu, nilitazama afro, nilitazama urefu, nilitazama kile kichwa kilichoinama, nikasahau kutazama vidole.

Kumpigia baba simu kumwambia ukweli ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika kazi hii. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Sasa huyu ni mtoto wa nani?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Fremu hakuitupa. Aliishusha akaiweka kabatini, akasema hata huyu ana ndugu zake wanaomtafuta. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: usimtumie mtu yeyote mwenye msiba picha uliyoipata mpaka umeilinganisha na alama ya mwili ambayo haibadiliki. Nywele ni kinyozi. Mkao ni mpigapicha. Hata pua hudanganywa na taa. Tazama sikio, kovu, mwanya, vidole. Na kama kuna mtu aliyelala kitanda kimoja na marehemu miaka 40, mwonyeshe yeye kwanza.

Baada ya hapo nilizirudia zile karatasi tatu za picha ndogondogo na lenzi ya kukuzia, na ndipo nilipoanza kumwona ami kweli. Picha 36, mistari sita, koti moja la kijivu. Mpigapicha amezungushia duara kwa kalamu nyekundu ya nta picha mbili tu, na moja ameifuta kwa msalaba. Katika kila picha anayotazama mbele, mkono wa kushoto uko mfukoni. Kila picha. Wanamitindo wengi wa kiume walisimama hivyo, ni mkao wa kawaida, na naamini hakuna mteja aliyewahi kutia shaka. Ila picha ya 31 imepigwa akiwa amegeuka, labda wakati wa kurekebisha taa. Mgongoni, tangu kwenye kola mpaka kiunoni, vimepangwa vibanio vya nguo saba, vile vile vya kuanikia nguo kwenye kamba, vimelibana koti ili mbele likae kama lilishonwa kwa mwili wake. Na mkono wa kushoto, kwa kuwa kamera haikumhusu tena, unaning'inia wazi. Ni doa dogo mno kwenye karatasi, lakini kwa lenzi unaona kidole kimeishia njiani.

Nilitaka kuikuza picha moja kati ya hizo nimpelekee baba, nikajikuta kwenye suala la hakimiliki. Nyuma ya karatasi kuna mhuri wa mpigapicha, na nilidhani yeye ndiye mwenyewe. Kwa Uingereza inategemea mwaka. Chini ya sheria ya 1956, picha iliyopigwa kwa agizo na malipo ya mtu, hakimiliki ilikwenda kwa aliyeagiza na kulipa, labda kama walipatana vingine. Sheria ya 1988, iliyoanza kutumika 1 Agosti 1989, ndiyo iliyompa mpigapicha haki hiyo tangu mwanzo. Kwa picha ya 1974, basi, mtu wa kuulizwa huenda ni kampuni ya nguo, kama bado ipo. Aliyepigwa picha hayumo katika hesabu hiyo kabisa. Alitia saini fomu ya ridhaa, akachukua ujira wa siku, akaenda zake. Kuikuza nakala moja itundikwe sebuleni kwa wazee ni jambo ambalo hakuna aliyenizuia. Kuichapisha hadharani ni jambo jingine, na ndiyo sababu hakuna picha kwenye simulizi hii.

Nilikwenda pia maktaba. British Library pale St Pancras, London, wakati ule kadi ya msomaji ilikuwa bure, ulikwenda na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, uliingia na penseli tu, kalamu ya wino haikuruhusiwa. Magazeti mengi yako kwenye maghala ya Boston Spa huko Yorkshire, kwa hiyo unaagiza siku kadhaa kabla. Mimi naishi Coventry, na safari yangu ya kwanza ilikwenda bure kwa kutoagiza mapema. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu maktaba nyingine, nikapewa majuzuu ya gazeti la miaka ya 1970 yaliyojalidiwa vizuri, nikafungua nikakuta hayana matangazo. Zamani baadhi ya maktaba zilipojalidi magazeti ziling'oa majalada na kurasa za matangazo ili kuokoa nafasi, zikabakiza makala. Kwa mtafiti wa siasa si hasara. Kwa anayemtafuta mwanamitindo, kilichotupwa ndicho alichokifuata. Uliza kwa barua pepe kabla ya kupanda treni: je, juzuu lina kurasa za matangazo? Kwa matangazo yenyewe ipo History of Advertising Trust, huko Norfolk, inayohifadhi kumbukumbu za tasnia hiyo.

Na hata pale nilipoyakuta magazeti kamili, majina hayakuwemo. Chini ya picha wameandika mshonaji, duka, bei ya koti, bei ya viatu, jina la mpigapicha. Mtu aliyevaa hayumo. Nilikaa kwenye meza ile nikikumbuka majina ya wanaume wa matangazo ninaowajua, nikaona karibu wote tunawajua kwa sababu nyingine. Mwanamume wa mashati ya Hathaway mwaka 1951, mwenye kitambaa cheusi jichoni, alikuwa Baron George Wrangell, na alikumbukwa kwa kile kitambaa na kwa sababu David Ogilvy, aliyelitunga tangazo hilo, alilisimulia maisha yake yote. Roger Moore alipigwa picha za masweta miaka ya 1950, George Lazenby alibeba chokoleti za Fry, na wote wawili tunawajua kwa James Bond. Tom Hintnaus, aliyepigwa picha na Bruce Weber kule Santorini kwa ajili ya nguo za ndani za Calvin Klein mwaka 1982, alikuwa mruka kwa upondo. Ilichukua mpaka miaka ya 1990, enzi za Marcus Schenkenberg na Tyson Beckford, kwa mwanamume kuwa na jina kwa kazi hii yenyewe. Ami aliiacha miaka kumi na zaidi kabla.

Waliotunzwa vizuri kidogo ni wale waliopigwa picha na watu wao. James Barnor, Mghana, alipiga picha za mitindo London miaka ya 1960 kwa ajili ya gazeti la Drum, na kwenye picha zake baadhi ya wanawake na wanaume weusi wanajulikana kwa majina. Nilipitia kila picha yake niliyoweza kuifikia nikimtafuta ami. Hayumo, alifika amechelewa. Lakini niliondoka pale na wivu, kwa kuona jinsi ambavyo ingekuwa.

Kilichofungua mlango mwisho kilikuwa neno ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi kwenye dayari ya 1972: "k/wear, Wakefield", na saa ya treni. Nilidhani ni duka. Anti ndiye aliyesema, huku akimenya viazi, "Hayo ni masweta. Walimpeleka kaskazini kuvaa masweta." Viwanda vya nyuzi vya Uingereza vilichapisha vikaratasi vya maelekezo ya kufuma, jalada lina picha ya mtu amevaa sweta lililokamilika, ndani kuna hesabu ya mishono. Wamama walivinunua kwa senti chache pamoja na nyuzi. Vilichapishwa vingi mno, na ndiyo sababu vimebaki, kwenye droo, kwenye maboksi ya maduka ya hisani, kwenye Knitting Reference Library ya Chuo Kikuu cha Southampton kule Winchester ambako vimekusanywa kwa maelfu. Havina tarehe, lakini vinasomeka. Bei ikiwa kwa shilingi na peni za zamani, ni kabla ya 15 Februari 1971, siku Uingereza ilipobadili hesabu ya fedha. Bei ikiwa kwa p, yaani peni mpya, na nyuzi bado zinapimwa kwa aunsi, uko mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa katikati ya miaka hiyo nyuzi zilihamia gramu.

Nilianza kupekua maboksi kila Jumamosi. Maduka ya hisani, minada ya viwanjani, Coventry, Leicester, Nuneaton. Vikaratasi hivi viliuzwa peni 20, peni 50. Miezi mitano, pauni 31 jumla, nauli ndani yake. Wanaume weupe wenye kiko, wanaume weupe wenye mbwa, wanaume weupe wakitazama upeo wa macho. Vidole vyangu vilikuwa vikinuka vumbi la vyumba vya wazee.

Nilikipata Machi 2023, kwenye boksi la viatu chini ya meza ya duka la hisani, Nuneaton. Bei imechapwa 7p, nyuzi kwa aunsi. Sweta la wazi la vifungo, rangi ya karafuu kavu, kola pana. Ami ana miaka 25 hivi. Pembeni yake kuna mtoto wa kiume mweusi wa miaka minne au mitano amevaa sweta kama lake, dogo, na kwa kuwa mpigapicha alitaka waonekane baba na mwana, ami amemshika bega. Kwa mkono wa kushoto. Sikusogea pale chini ya meza kwa muda. Muuzaji aliniuliza kama naumwa.

Safari hii sikumtumia baba kitu. Nilimpelekea Anti kwanza, akakigusa, akasema ndiyo, na akasema rangi ile ilimpendeza siku zote. Kisha Agosti nilikwenda nacho Tanga mwenyewe, katikati ya kitabu kigumu kisije kikakunjika. Baba alivaa miwani, akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Hakutazama uso. Alianza kwenye bega la yule mtoto, akaweka ncha ya kalamu juu ya kila kidole akihesabu kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu, vinne, na alipofika cha tano akaiacha kalamu hapo hapo kilipokatikia.